Mpango wa Mwaka Mmoja wa Ndalahwa

Katika miaka kumi na saba ya utumishi wake, Ndalahwa Mihayo hakuwahi kushindwa kufikia lengo hata moja. Alikuwa afisa mipango wa shirika moja la umma lililosambaza majembe na ndoo Kanda ya Ziwa. Silitaji jina kwa kuwa limeshakufa, na marehemu ana watoto. Majembe yenyewe yalifika kwa wakulima wakati wa mavuno, au hayakufika kabisa, lakini malengo yalifikiwa kila mwaka, na siri yake Ndalahwa aliitoa kwa yeyote aliyemnunulia bia. Ikifika Novemba na umesambaza majembe elfu nne kati ya elfu arobaini, unaandika barua kuomba lengo lirekebishwe liwe elfu nne. Desemba unatangaza asilimia mia moja. Wakubwa wanapiga makofi, ng'ombe anachinjwa.

Mwaka 1994 likaja soko huria na swali lake la ushamba: majembe yako wapi? Shirika likafungwa. Ndalahwa akapunguzwa, maana ndivyo walivyosema, kana kwamba alikuwa chumvi iliyozidi kwenye mchuzi. Aliondoka na mashine ya taipu, mafaili matupu kumi na mawili, na tabia ya kuvaa kaunda suti hata anapokwenda chooni. Akahamia Mkolani, Mwanza, kwenye nyumba yake isiyokuwa na dari, yeye, mkewe Sabina, na binti yao wa pekee, Getruda, aliyezaliwa wakati majirani walikuwa wameshachoka kuwaombea.

Sabina hakupunguzwa na mtu. Siku tatu tu baada ya shirika kufa alikuwa ameshapanga foleni nje ya kiwanda cha samaki, ndoo kichwani, kununua mapanki. Kwa wasiojua, panki ni sangara baada ya mzungu kumaliza naye: minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na kichwa, mgongo na mkia. Sabina aliyakaanga kando ya barabara, mtaa ukala, na nyumba ya Ndalahwa ikala. Ndalahwa mwenyewe alikunywa. Mwaka mzima wa tisini na tano alikunywa kama mtu aliyepewa zabuni. Presha ikapanda hadi mganga wa zahanati akakipima kile kipimo chake kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akidhani kimeharibika. Kanisani hakukanyaga. Nyumbani alikanyaga, ila usiku, na mara nyingine alimkanyaga mtu.

Tarehe mosi Januari 1996, saa nne asubuhi, Sabina alimkuta mumewe ameketi kwenye ngazi, macho mekundu. Akaweka ndoo chini.

"Baba Getruda, nisikilize, sitarudia. Nakupa mwaka huu. Mmoja. Urudi kwa Mungu wako, urudi kwenye mwili wako, urudi kwa mtoto wako. Mimi sijijumlishi, mimi nishazoea. Krismasi ikikukuta hivi hivi, naondoka na Getruda kwenda Misungwi kwa baba yangu. Na sitarudi."

Mwanamume mwingine angelia, au angepiga. Ndalahwa alifanya kitu ambacho ni mtu wa shirika la umma tu angekifanya. Alisimama, akanyoosha kaunda suti, akasema, "Hoja imepokelewa," akaingia ndani. Sisi majirani tukasikia mashine ya taipu hadi jioni.

Kesho yake Mpango ulibandikwa ukutani, juu ya meza ya kulia. Una safu nne: Sekta, Lengo, Utekelezaji, Asilimia. Sekta ya Imani: Misa kila Jumapili, rozari kila siku, kitubio kila robo mwaka. Sekta ya Afya: kuacha pombe kabisa, kushusha presha, kutembea kwa miguu kutoka Mkolani hadi Buhongwa na kurudi kila asubuhi. Sekta ya Familia: kikao cha familia kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, saa kumi kamili alasiri, na kumsimulia Getruda hadithi tatu kwa wiki.

Tulikuja kuutazama kama watu wanavyokwenda kutazama ajali. Malimi, fundi baiskeli, jirani wa mlango wa pili, alisoma kwa kidole mpaka mwisho.

"Afisa," akasema, "hapa mkeo umemweka wapi?"

"Yupo. Ni mjumbe wa kikao."

"Mjumbe! Na mwenyekiti nani?"

"Mimi."

"Katibu?"

"Mimi, kwa muda."

"Basi shemeji akitaka kukupindua atahitaji jeshi."

Sabina alicheka. Naliandika hili kwa sababu halikutokea tena. Alicheka, akafuta mikono kwenye khanga, akamtazama mumewe kwa jicho ambalo hatukuwa tumeliona tangu shirika lilipokuwa na gari. Aliamini, maskini. Na mwezi wa kwanza na wa pili Ndalahwa alimpa sababu. Alitembea hadi Buhongwa. Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani, karibu na katekista Paulo, akiimba sauti ya pili ambayo haikuwamo kwenye wimbo. Uso ukapungua uvimbe.

Machi robo ikaisha, na robo ikiisha lazima iandikiwe taarifa. Alipojumlisha Misa alikuta kahudhuria tisa kati ya kumi na tatu. Mkono ukamwasha, mkono wa miaka kumi na saba. Akaandika kwamba Misa nne zilisikilizwa kwa njia ya redio, zihesabiwe nusu nusu. Kwa upande wa pombe akagundua kuwa lengo halikuwa wazi, likarekebishwa lisomeke "pombe kali". Bia ikatoka kifungoni siku hiyo hiyo. Mwezi wa tano gongo nayo ikaombewa utaratibu: kwa kuwa inatengenezwa na akina mama wa mtaani, ni kuunga mkono wajasiriamali wadogo. Matembezi ya Buhongwa yaliendelea, ila yalipata kituo katikati chenye viti vya plastiki na nyama ya mbuzi, na kuna asubuhi Buhongwa yenyewe iliondolewa kwenye ratiba.

Kuhusu kitubio, aliyetuhadithia ni yeye mwenyewe, tena kwa majivuno, kwa hiyo sivunji siri ya mtu. Alipiga magoti kwa padre na karatasi mkononi. Akasema uongo umeshuka kwa asilimia arobaini ukilinganisha na kipindi kama hicho mwaka uliopita, matusi yamebaki palepale kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wake. Padre alisogeza uso karibu na kile kiwambo.

"Mwanangu," akauliza, "unaungama au unaomba ruzuku?"

Lengo moja tu halikuguswa. Hadithi za Getruda. Hapa simtanii. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, awe amelewa au hajalewa, Ndalahwa aliketi kwenye ngazi na daftari lenye jalada jekundu. Hadithi alizitunga na kuziandika mchana, sungura na fisi wa kwao, na kwa kuwa hakujiamini kusimulia kwa kichwa alizisoma, shingo ameinamisha, kidole kinafuata mstari. Getruda, miaka sita, meno mawili ya mbele hana, alikaa chini yake amekumbatia magoti. Fisi akidumbukia shimoni anacheka kabla baba hajafika. Daftari likifungwa anapiga makofi. Ilikuwa asilimia mia moja, ya kweli, bila barua wala marekebisho. Nadhani ndiyo kazi ya kwanza ambayo mtu yule aliifanya kikamilifu tangu azaliwe.

Agosti Getruda akashikwa na malaria. Ilianza mchana kama homa ya kawaida, jioni ikawa degedege. Ndalahwa alimbeba kifuani, wakapanda baiskeli ya Malimi, Malimi anaendesha, hadi hospitali. Siku tatu usiku alilala sakafuni chini ya kitanda cha wodi, hakunywa hata funda. Dripu za kwinini zikaingia, mtoto akafumbua macho. Siku ya kutoka muuguzi aliongea na Sabina pembeni kwa muda mrefu. Ndalahwa hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumshukuru Mungu, na Mungu wakati huo alikuwa kwenye baa inayotazamana na geti.

Mtoto akarudi nyumbani mtulivu. Hachezi mbali, hajibizani. Hadithi zikaendelea Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Katika taarifa ya robo ya tatu, sekta ya Familia, Ndalahwa alichapa: "Usikivu wa mlengwa umeongezeka sana. Anamtazama msimulizi usoni bila kupepesa."

Kikao cha Jumamosi, tarehe kumi na mbili Oktoba, kilikuwa na ajenda sita. Sabina alingoja ajenda tano zipite: kuthibitisha kumbukumbu, yatokanayo, hali ya kuku, na mengine ya namna hiyo. Saa ya ukutani ilipogonga kumi na moja alinyoosha mkono, kama alivyofundishwa.

"Mwenyekiti, mimi nina jambo la mtoto."

"Hilo liko kwenye Mengineyo, Mama Getruda."

"Basi ni Mengineyo sasa."

"Muda umekwisha. Kikao kinafungwa saa kumi na moja, tulipitisha wenyewe Januari."

"Baba Getruda. Ni mtoto."

"Nimeandika. Limeahirishwa hadi kikao kijacho, na litakuwa la kwanza, nakuahidi." Akatazama saa, kwa sababu kuna watu walikuwa wanamngoja kwenye viti vya plastiki.

Kikao kijacho akidi haikutimia. Alirudi saa kumi kamili, mtu wa kuheshimu muda, akakuta meza imefutwa, kikaango kimeoshwa na kufunikwa, wajumbe wote wawili hawapo. Sabina hakungoja Krismasi.

Na Ndalahwa alifikiri nini? Alifikiri kwamba mkewe amevunja Mpango kabla ya muda wake. Alitutangazia hivyo, kila aliyepita. Kisha, Novemba ilipoingia, akafanya alichokuwa akifanya kila Novemba. Alitulia mezani akarekebisha. Misa zikawa "angalau moja kwa mwezi". Presha ikawa "isizidi ya mwaka jana". Desemba mwanzoni Taarifa ya Utekelezaji ya Mwaka 1996 ilikuwa tayari, kurasa kumi na nne, kumbukumbu za vikao zimeambatishwa nyuma, jalada la manila, uzi mwekundu. Imani asilimia mia. Afya asilimia tisini na sita, maana mia kila mahali inaleta mashaka. Familia mia.

"Nakwenda Misungwi kumleta mke wangu," akamwambia Malimi. "Nahitaji mtu wa kunisindikiza."

Mwanamke wa Kisukuma akirudi kwao kwa hasira, mume hamfuati kama anafuata mwavuli aliousahau. Anakwenda na mtu mzima wa kumsemea, anakaa mbele ya wakwe, anasomewa makosa yake, anatozwa. Malimi alikuwa ameshayapitia hayo mara mbili na alijiona mtaalamu. Ndani ya pikapu iliyowapeleka alimpa mafunzo njia nzima, mbuzi amelala miguuni mwao. Ndiyo, mbuzi. Ndalahwa alikuwa ameshamnunua wa faini kabla ya kutozwa, kuokoa muda.

"Hukupaswa kuja naye," Malimi alisema. "Wakikutukana, inama. Wakikutoza, kubali, hata wakitaka ng'ombe. Mkwe anayekutoza bado anakuhesabu mkwe. Mimi ninachoogopa ni wasikutoze."

"Wakiona taarifa watanipongeza."

Malimi akatazama barabara. "Hiyo taarifa, Afisa, ungeiacha."

Baba yake Sabina, Mzee Shimba, mkulima wa pamba mwenye mikono kama mizizi, aliwapokea sebuleni. Ndalahwa akaamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba." Basi, hakuna la "karibuni" wala la "habari za Mwanza". Wakapewa vibao vya chini. Sabina alikaa mkekani, mgongo ukutani. Kaka yake Revocatus, mwalimu wa shule ya msingi, alikaa mlangoni. Getruda alikuwa uani, akipanga mbegu za maboga kwenye mchanga, ametupa mgongo.

Malimi alisema maneno ya kuanzia, mazuri tu: mtoto wenu amekosa, amekuja kwa miguu yake, msikilizeni mumkaripie. Mzee Shimba akamgeukia Ndalahwa, akamwita kama Wasukuma wanavyomwita mwanamume yeyote.

"Haya, ngosha. Sema."

Hapo ndipo mtu husema nimekosa. Ni neno moja, halihitaji uzi mwekundu. Ndalahwa alifungua mkoba, akatoa jalada kwa mikono miwili.

Mzee aliligeuza juu chini, akanusa wino. "Mimi sisomi. Revo, soma."

Revocatus akasoma kwa sauti, kama anavyowasomea watoto imla. Imani, asilimia mia. Afya, tisini na sita. Mama mmoja jikoni alicheka akajiziba mdomo. Familia, mia. Vikao kumi na tisa. Hadithi mia moja ishirini na sita. Hapo Ndalahwa akainua kidevu, maana hilo lilikuwa kweli. "Usikivu wa mlengwa umeongezeka sana," Revocatus akasoma, sauti ikaanza kupungua. Akageuza ukurasa. "Kikao cha tarehe kumi na mbili Oktoba. Mengineyo. Hoja ya Mama Getruda kuhusu mtoto: imeahirishwa. Mjumbe Getruda: hakuwa na pingamizi."

Akalifunga jalada taratibu.

"Shemeji," akasema, "muite mwanao."

"Getruda!" Ndalahwa akaita.

Mtoto akaweka mbegu nyingine kwenye mstari.

"Getruda! Getu!"

Kuku akakimbia. Mtoto hakugeuka.

"Tangu Agosti," Sabina alisema, na hakupaza sauti. "Muuguzi aliniambia, mwangalieni masikio, wiki mbili zikipita hasikii mrudisheni haraka. Nilikuambia usiku, ukiwa umelewa. Nilikuambia asubuhi, ukasema niandike. Mimi siandiki, Baba Getruda, mimi nakaanga samaki. Nikaona basi, nitasema kwenye kikao chake, huko labda anasikia. Nilipokuja huku Revo alitupeleka kwa daktari. Akasema tumechelewa."

Ndalahwa alimgeukia Malimi. "Ulijua?"

Malimi alikuwa anachokonoa kibao kwa ukucha. "Mtaa mzima, bwana. Sisi tunampungia mkono." Kisha, kwa sauti ndogo, "Nilidhani unajua. Nani asijue mwanawe?"

Na kweli, tulijua. Tulikuwa tunampungia mkono kila asubuhi, naye anatupungia, na wote tulimwacha baba yake akamsomee fisi jioni, tukipita tunasema Afisa leo kapata wasikilizaji. Kicheko kilikuwa chetu pia.

Ndalahwa alishuka kwenye kibao akapiga magoti. Sasa neno lile moja lilikuja, tena mara nyingi, likitoka na makamasi. Nimekosa baba. Nitozeni. Nitozeni ng'ombe, nitozeni nyumba. Mzee Shimba alimngoja amalize, bila hasira, kama mtu anayengoja mvua ipungue avuke.

"Mbuzi wako mzuri," akasema. "Rudi naye."

"Baba, nitozeni."

"Hatukudai kitu, ngosha. Nenda salama."

Malimi akafumba macho. Sabina akainuka, akakunja mkeka, akaingia ndani, na hakutoka tena.

Ndalahwa alipotoka uani, Getruda aliinua kichwa akamwona. Alikimbia. Alimshika mkono akamvuta hadi kwenye ngazi ya stoo, akamkalisha, akaingiza mkono kwenye mkoba kama mwenye mkoba, akatoa daftari jekundu. Akaliweka mapajani mwa baba yake. Akakaa chini, akakumbatia magoti, akamkazia macho mdomoni.

Siku ile ilikuwa Ijumaa.

Ndalahwa alifungua daftari. Kwa mara ya kwanza hakuinamisha shingo, alimtazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. Mtoto alingoja kwa adabu, akacheka kidogo, akidhani pengine fisi ameshadumbukia. Baba akajaribu kuonyesha shimo kwa mikono, akaonyesha masikio ya sungura, vidole viwili juu ya kichwa. Vidole vikabaki hapo hapo, kwa sababu hakujua kinachofuata.

Akafunga daftari.

Getruda akapiga makofi.

Malimi alikuwa ameshamfungua mbuzi, anangoja barabarani.